Mabega Kumi na Matatu ya Nkulula

"Mabega kumi na mawili nimeyachonga mara mbili. La kumi na tatu nimeliacha."

Kisha mlio mmoja wa bastola.

Kisha kimya.

Asmahani binti Abbasi aliisikiliza sauti hiyo mara tatu, simu ya setilaiti ya Thuraya ikiwa imebanwa baina ya bega na sikio, huku mkono mmoja ukiongoza Land Cruiser katika barabara ya vumbi itokayo Tabora kuelekea mashariki. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Vumbi jekundu lilikuwa limeinuka nyuma yake mithili ya pazia.

"Huyo ni nani, mzee?" aliuliza.

"Lugembe, mchonga sanamu wa Itetemia," alijibu Mkuu wa Idara kutoka Dar es Salaam. "Mathias ndiye aliyempata atupe habari. Mchongaji huyo alitupigia juzi jioni, akasema hayo uliyoyasikia. Jana maiti yake ilitolewa kisimani."

"Na Mathias mwenyewe?"

Mkuu alishusha sauti. Katika miaka kumi na moja ya utumishi, Asmahani alikuwa amejifunza kuogopa sauti hiyo kuliko risasi.

"Hajulikani aliko tangu juzi."

Mathias alikuwa mwenzake wa kazi kwa miaka tisa. Alikuwa Mluguru, naye Asmahani Mnyamwezi, basi wakaitana watani na kutukanana kwa haki kama walivyofanya babu zao waliokutana katika njia ya misafara. Mara mbili alimtoa Asmahani mahali pasipotoka mtu. Sasa zamu ilikuwa imegeuka.

Amri ilikuwa fupi. Miezi minane iliyopita ghala la nyara za serikali lilivunjwa, walinzi wawili wakachinjwa, na pembe za ndovu zikatoweka. Idara iliamini kwamba pembe hizo zilikuwa ndani ya monasteri ya Wabenediktini ya Nkulula, katika maonyesho ya sanaa ya kisasa ambayo magazeti yalikuwa yakiyasifu mwezi mzima. Yalikuwa ya sanamu arobaini za wapagazi, kila mmoja na pembe ya plasta begani. Maonyesho yangefungwa siku hiyo. Saa sita kamili lori lingezipeleka stesheni ya Igalula, ambako behewa lilikuwa likingoja, nalo likishapigwa lakiri ya ubalozi mmoja wa kigeni, hakuna mkono wa sheria ungeweza kuligusa.

"Nataka ushahidi kabla ya lakiri," alisema Mkuu. "Na usivunje kitu, Asmahani."

Hakuhitaji kueleza. Mwaka uliopita, katika uwanja wa ndege wa Mwanza, Asmahani alivunja sanamu kwa nyundo mbele ya mabalozi watatu. Ndani hamkuwa na kitu ila plasta. Idara iliomba radhi kwa maandishi, na wahalifu wakapanda ndege wakicheka.

"Kama wanamshikilia Mathias, lori likiondoka hana faida tena kwao," alisema Asmahani.

"Najua, binti yangu. Ndiyo maana nimekutuma wewe."

Simu ikakatika.

Monasteri ya Nkulula ilisimama juu ya mwinuko, kuta zake za mawe zikiwa zimejengwa zaidi ya karne moja iliyopita pembeni mwa njia ileile waliyopita wapagazi kwenda pwani. Kanisa lilikuwa upande mmoja, vyumba vya watawa upande wa pili, na katikati ua uliozungukwa na matao. Palikuwa na harufu ya nta na asali, kwa kuwa watawa walifuga nyuki.

Bruda Hilari, mtawa mpokea wageni, alimpokea mlangoni. Alikuwa mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba, binti yangu."

Alikitazama kitambulisho bandia kilichomtaja Asmahani kuwa mkaguzi wa kampuni ya bima ya sanaa, akayatazama macho yake kwa muda mrefu kuliko kitambulisho, akafungua mlango. Asubuhi hadi sala ya adhuhuri watawa wa Nkulula walishika ukimya, ila salamu tu. Asmahani aliona kwamba mzee huyu alikuwa na jambo kifuani, na kwamba kanuni yake ililiziba kama kizibo.

Wapagazi arobaini walisimama chini ya matao.

Asmahani alitulia kidogo, kwani hakutazamia kuguswa. Walikuwa wamechongwa kwa mninga, warefu kuliko binadamu, shingo zimepinda kwa uzito, nyayo zimepasuka. Pembe nyeupe zililala mabegani mwao, ncha mbele na shina nyuma, na kwenye kila ncha ilining'inia kengele ndogo ya shaba kama ilivyokuwa desturi ya misafara. Babu wa babu yake alitembea njia hiyo mara saba. Mara ya nane hakurudi.

"Wazuri, sivyo?"

Aliyesema alikuwa Ferrand Olbrich, mwandaaji wa maonyesho, Mzungu mrefu aliyevaa suti ya kitani na kuzungumza Kiswahili cha vitabuni, safi na baridi. Nyuma yake alisimama Mhoja, mlinzi wake, mtu mwenye shingo ya fahali aliyepata kufukuzwa jeshini kwa ukatili. Kiunoni mwa Mhoja ilichomekwa patasi ya mchongaji, mpini wake ukiwa umesuguka kwa matumizi ya miaka mingi.

Mhoja hakuwa na mikono ya mchongaji.

Asmahani aliiona patasi ile, akaitia moyoni, akatabasamu. Alieleza kwamba bima inamtaka akague hali ya kila sanamu kabla ya safari. Olbrich alimruhusu kwa adabu, ila akamkumbusha kwamba alikuwa na saa mbili tu. Mhoja aliongeza kwamba dada asiguse kwa nguvu, maana vitu vya thamani havipendi wanawake wenye haraka. Olbrich alicheka, naye Asmahani akacheka pamoja nao.

Alitoa mkobani kipimo chake, chombo cha Kijerumani chenye umbo la bastola ambacho hutambua madini kwa miali. Alikielekeza kwenye pembe ya kwanza.

Plasta.

Ya pili.

Plasta.

Alipofika ya kumi jasho lilikuwa limemlowesha mgongo. Kipimo kilisoma uso wa juu tu, na mtu yeyote mwenye akili angeipaka pembe halisi plasta nyembamba. Kutoboa kulikatazwa, na kuvunja vilevile. Saa yake ya Casio ilionyesha saa nne na robo.

Mabega kumi na mawili nimeyachonga mara mbili.

Lugembe hakusema pembe. Alisema mabega.

Asmahani alikirudisha kipimo mkobani. Alisogea karibu na sanamu ya kumi na moja, akatazama mahali ambapo pembe ilikutana na mti. Mchongaji alikuwa amechimba mfuo begani ili pembe ikae isibingirike. Mfuo huo ulikuwa mwembamba, umeibana pembe barabara. Lakini kuuzunguka palikuwa na mstari hafifu kama kovu, ambapo kipande cha mti kilikuwa kimepachikwa na kuzibwa kwa nta ya nyuki. Hapo kwanza mfuo ulikuwa mpana. Mtu aliuziba, akauchonga upya.

Kwa nini?

Jibu lilimjia kwa sauti ya babu yake. Mzee yule alikuwa na mazoea ya kulaza pembe ya ng'ombe juu ya kidole cha mjukuu wake na kumtaka aitafutie mizani. Mtoto aliiweka karibu na shina, kwenye unene, nayo ikaanguka. "Ndani ya shina mna uwazi, mama," babu alikuwa akisema. "Uzito wake uko mbele. Mpagazi asiyelijua hilo hafiki hata kambi ya Kigwa."

Asmahani aliutazama tena mfuo.

Pembe ya plasta hujaa mpaka shinani, basi begani hukaa penye unene wake. Pembe ya ndovu ina uwazi shinani, basi hukaa mbele zaidi, penye wembamba. Sanamu zilichongewa mifuo mipana kwa ajili ya plasta. Kisha pembe za kweli zikaletwa kwa siri, zikapepesuka, na Lugembe akaamriwa afanye mifuo myembamba bila kuuliza. Wezi walifikiria rangi, umbo, hata uzito ulioandikwa katika karatasi za forodha. Hawakufikiria kwamba mpagazi wa Kinyamwezi, hata awe wa mti, hajui kubeba mzigo mahali pasipo pake.

Alipita upesi, akipiga picha kwa kamera iliyofichwa katika bizimu ya ushungi wake. Aliona kovu moja. Matano. Tisa. Kumi na mawili.

Kisha bega la kumi na tatu, katika sanamu ya mwisho karibu na mlango wa kanisa. Pembe yake ilikaa begani penye wembamba kama zile kumi na mbili, lakini mfuo ulikuwa mpana kama ulivyozaliwa. Pembe ilicheza ndani yake, imezuiwa na waya mwembamba tu. Asmahani aliigusa kwa kidole.

Kengele ikalia. Katika zote arobaini, ni hiyo pekee iliyolia kwa kuguswa.

Lugembe alikwisha kujua. Aliacha alama kwa yeyote atakayekuja.

"Dada," ilisema sauti ya Mhoja nyuma yake, "bima siku hizi inasoma mabega?"

Waya ulimpita shingoni kabla hajageuka.

Ulikuwa waya uleule wa kufungia pembe. Asmahani aliwahi kuingiza vidole viwili, nao ukavikata mpaka mfupani. Mhoja alimwinua juu, miguu ikaning'inia, na pumzi yake yenye harufu ya tumbaku ikamwagika sikioni. Alimwambia kwa upole kwamba Lugembe alilia sana, na kwamba yule Mluguru hakulia, ila bado kulikuwa na muda.

Macho yakaanza kuingia giza.

Asmahani aliikanyaga nguzo kwa nyayo zote mbili, akasukuma. Walianguka nyuma kwa kishindo juu ya mawe ya sakafu, Mhoja chini, yeye juu. Waya ukalegea nukta moja. Nukta moja ilitosha. Mkono wake wa kushoto ulishuka kiunoni mwa Mhoja, ukakutana na mpini uliosuguka, ukachomoa.

Patasi iliingia chini ya mbavu.

Mhoja alinguruma, akampiga ngumi ya kichwani iliyompasua nyusi. Asmahani aliichomoa patasi, akaichoma tena, safari hii chini ya kidevu. Fahali yule alijiinua mpaka magotini, akatazama damu yake ikienea juu ya mawe, akalala kifudifudi mbele ya miguu ya wapagazi.

Hakuinuka.

Huko nje injini ya lori iliunguruma. Kelele za mapambano zilikuwa zimesikika, na Olbrich hakuwa mtu wa kusubiri saa sita. Vijana wake wanne walikimbia uani na bunduki za AK, wawili wakafyatua ovyo kuelekea kwenye matao. Chokaa ya ukuta ilimwagika. Asmahani alibingirika nyuma ya birika la jiwe la maji ya baraka akiwa ameshika Glock yake, akamjibu wa kwanza kwa risasi ya paja na wa pili kwa risasi ya kifua. Waliobaki walimzuia kwa risasi huku wakipakia sanamu kwa mashine ya kuinulia mizigo, nao walijua hasa za kuchukua. Ishirini na saba waliziacha.

Redio yake ya Motorola ilikwaruza; ofisi ya Tabora ilikuwa ikimwita kwa jina lake la kazini. "Simba Mbili, hali?"

"Pembe zimethibitika. Kumi na tatu. Picha zimekwenda. Wanaondoka."

"Askari wako njiani kutoka Tabora. Dakika arobaini."

"Igalula ni dakika ishirini na tano."

"Nimesikia. Na Mathias?"

Asmahani aliizima redio. Alikuwa akijifunga vidole kwa ncha ya ushungi wake alipomwona Bruda Hilari amesimama kwenye mlango wa kanisa, uso umempauka. Mtawa aliitazama maiti, akajifanyia ishara ya msalaba. Kisha, ikiwa bado saa moja na zaidi kabla ya sala, akaivunja kanuni aliyoishika miaka arobaini na minne.

"Binti yangu, kuna kasha moja kubwa wamelipandisha kwanza, karibu na dereva. Limeandikwa kwamba ndani mna sanamu. Juzi usiku na jana nimemwona huyu marehemu akilimiminia maji kwenye ufa. Miaka yote hii sijapata kuona sanamu inayokunywa maji."

Asmahani aliichomeka Glock kiunoni.

"Una pikipiki, Bruda?"

"Ya kwenda mizingani. Funguo ziko palepale."

Boxer ya watawa ilikuwa na masanduku mawili ya asali nyuma na breki ya mguu tu. Asmahani alizikata kamba za masanduku kwa patasi, akaondoka kwa kasi iliyowainua kuku. Matairi ya Land Cruiser yalikuwa yametobolewa yote manne. Alilipita gari lake bila kulitazama.

Njia ya zamani ya misafara ilishuka kati ya miyombo, nyembamba, yenye mawe. Lori la Scania lilikuwa mbele, likitimua vumbi. Mita mia tano. Mia tatu. Vijana wawili nyuma ya lori walimwona.

Risasi zililima udongo kulia kwake. Moja iliondoa kioo cha pembeni, nyingine ikampita begani ikichukua nyama kidogo. Asmahani aliinama juu ya tangi, akaacha njia, akaingia msituni, akaibuka ubavuni mwa lori penye kona ambapo dereva alilazimika kupunguza mwendo. Alifyatua mara tatu. Kijana mmoja alianguka juu ya vumbi, na wa pili akajikunja juu ya ubao wa nyuma, bunduki ikamponyoka.

Aliiacha pikipiki ikienda peke yake, akarukia ngazi ya chuma.

Juu ya lori, wapagazi kumi na watatu walisimama kwa safu mbili kama walivyokuwa wakitembea karne zilizopita, nyuso zimeelekea mbele, kuelekea bahari. Kamba ziliifunga miili yao. Kengele kumi na mbili zilikuwa kimya, kwa kuwa mifuo myembamba ilizishika pembe barabara.

Ya kumi na tatu ililia bila kukoma.

Ilikuwa kwenye ncha ya mbele ya safu ya kushoto, karibu kabisa na kichwa cha lori. Kando yake, upande wa kulia, lilikuwepo kasha. Na nyuma ya kasha alisimama Olbrich, Beretta yake ikigusa ufa wa ubao.

"Hatua moja zaidi," alisema, "na rafiki yako atakunywa kitu kisicho maji."

Asmahani alisimama. Damu ilimtiririka kutoka kwenye nyusi ikamfumba jicho la kulia.

"Mtani," aliita, "u hai?"

Kutoka ndani ya kasha ilitoka sauti kavu kama majani. "Mnyamwezi gani wewe, umefika mikono mitupu hata andazi hukuleta."

Asmahani aliikaza Glock mkononi.

Olbrich alitabasamu. Alieleza, kwa Kiswahili chake kisicho na kosa, kwamba hakumchukia mtu, kwamba watu hufa kila siku kwa mambo madogo kuliko sanaa, kwamba baada ya dakika kumi lakiri ingepigwa na Asmahani angelazimika kuomba radhi tena, kama Mwanza. Alikuwa amesoma habari hiyo, ikamfurahisha.

Asmahani alisogea hatua moja kulia.

Olbrich, asiyetaka kumpa nafasi ya kulenga, alisogea kidogo kushoto mwa lori, akijikinga kwa kasha.

Hatua ya pili kulia.

Naye akasogea tena. Bastola bado ilielekea ufani, lakini mgongo wake sasa ulikuwa umeegemea kichwa cha lori, na kifua chake kilikuwa mbele ya kengele iliyolia bila kukoma. Hakuisikia. Mtu aliyezisimika kengele arobaini kwa mapambo huacha kuzisikia.

Asmahani alisoma Bismillahi kimoyomoyo, akainua Glock.

Alifyatua risasi moja.

Ilipita mkono mmoja juu ya kichwa cha Olbrich, ikavunja kioo kidogo cha nyuma ya dereva, ikatoka kwa mbele.

"Umekosa," alisema Olbrich.

"La hasha."

Dereva, ambaye kioo kilikuwa kimemmwagikia shingoni, alikanyaga breki kwa miguu miwili.

Lori lilipiga kelele. Wapagazi kumi na wawili waliinama na mizigo yao, wakainuka nayo. Wa kumi na tatu alikuwa na mfuo mpana na waya mwembamba. Waya ulikatika. Kilo arobaini za pembe ziliteleza begani kama mkuki ulioachwa na mkono, ncha mbele, kengele ikilia mara ya mwisho.

Ilimpata Olbrich katikati ya kifua, ikamgandamiza kwenye kichwa cha lori.

Alibaki amesimama. Bastola ilianguka. Alitazama chini, mahali plasta ilipokuwa imepasuka na kuonyesha rangi ya maziwa mabichi, kana kwamba bado alikuwa akiikadiria thamani yake.

Asmahani alimsogelea, akaipiga teke Beretta.

"Huyo ni Lugembe," alimwambia. "Wa Itetemia. Hakuwa na muda wa kumaliza kazi yako."

Olbrich hakuishi mpaka mwisho wa sentensi hiyo.

Dereva alishuka mwenyewe, mikono juu, akiomba asiuawe. Asmahani alimfunga kwa waya, kisha akapasua kasha kwa patasi. Mathias alitoka akitambaa, uso umevimba, kucha tatu hazipo. Alitazama maiti, pembe, damu iliyokauka shingoni mwa mwenzake.

"Nimekuja kuzika," alisema Asmahani, "nimekosa maiti."

Mathias alijaribu kucheka, akalia. Asmahani alimwacha alie, akamshika kichwa mpaka alipotulia.

Magari ya polisi yalifika dakika kumi na tano baadaye. Thuraya ilikuwa tayari inaita.

"Umevunja kitu?" aliuliza Mkuu.

"Pembe moja, mzee. Plasta yake tu."

"Na Mathias?"

"Anadai maandazi."

Mkuu alianza kueleza kuhusu ripoti, kuhusu ubalozi, kuhusu ndege iliyotumwa kumchukua. Asmahani aliizima simu kwa adabu, akaiweka mfukoni.

Alingoja mpaka jua lilipopinda. Alishuka kando ya njia kwenye kijito chembamba, akaosha damu mikononi, kisha akatawadha polepole, maji yakiuma vidoleni. Baada ya sala aliisafisha patasi kwa mchanga mpaka chuma kikang'aa, akaifunga katika kitambaa safi alichopewa na daktari wa polisi afungie jeraha.

Ofisa mmoja alimkimbilia, akamweleza kwamba gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa tayari.

"Nitapitia Itetemia kwanza," alisema. "Kuna mjane anayestahili kupewa chombo cha mumewe mkononi, na kuambiwa kilichofanya kazi."

Akageuka, akaanza kutembea kuelekea Itetemia, upande wa Tabora, katika njia ya wapagazi, kifurushi kikiwa begani, mahali panapostahili.